UZI: Hili neno "run" la Kiingereza lina maana ngapi jamani?

Mwalimu_wa_Elgon
Wadau habari za jioni. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari huku Mbale, Uganda, na tangu mtaala mpya wa 2020 uanze watoto wa S.1, yaani kidato cha kwanza, wanakuja wengine hawajui hata kuitikia salamu, kwa hiyo inabidi tupitie Kiingereza ndio tufike kwenye Kiswahili. Sasa wiki hii niliwapa sentensi za kutafsiri, moja inasema "my uncle runs a shop". Kijana mmoja kaandika "mjomba wangu anakimbia duka". Nikasema sawa huyo mmoja, nikafungua daftari la pili, mjomba anakimbia duka. La tatu pia, mjomba bado anakimbia. Mwingine akaandika "pua yangu inakimbia" na mwingine "gari limekimbia nje ya mafuta", na huyo wa mwisho ndiye anaongoza darasa.

Nikaona nilichunguze hili neno. Ile kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la 1989, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa "set", kitenzi chake kilipewa maana 430 na maelezo ya maneno kama 60,000 hivi, hicho ni kitabu kizima kwa neno la herufi tatu. Halafu walipoanza kutengeneza toleo la tatu wakafika kwenye "run", mhariri mmoja anaitwa Peter Gilliver akakaa nalo zaidi ya miezi tisa, akatoka na maana 645, na hapo ni kitenzi tu, hujagusa nomino.

Sasa naulizeni, huyu mtoto wa S.1 nitamwambia nini? Kwenye kamusi yake ndogo imeandikwa run = kimbia, basi.

Taniboi_Mstaafu
645 😂😂 na mimi nilifikiri nimemaliza shule

BodaWaNtinda
Mwambie huyo mtoto mjomba anakimbia duka kwa sababu ana deni dukani. Sentensi iko sawa kabisa.

Taniboi_Mstaafu
Haya turudi kwenye maana, mimi nilianza kama taniboi sasa ni dereva wa trela, Mombasa Malaba Kampala na wakati mwingine mpaka Juba, na hilo neno nalijua kwa barabara siyo kwa kitabu. Kitu cha kwanza mwalimu waambie hao watoto wasiangalie "run" peke yake, waangalie kale kaneno kanakofuata nyuma. "Run over" umemkanyaga mtu na gari. "Run into" umegonga kitu. "Run out of" kitu kimekuishia, mafuta, pesa, airtime. "Run off the road" umetoka barabarani uko kwenye mtaro. Kaneno kadogo lakini kwa polisi kanaweza kukupeleka ndani manake kugonga gari la mtu na kumkanyaga mtu ni kesi mbili tofauti.

Na hiyo "run into" ina mtego. Kuna dereva mwenzetu aliandikia bosi meseji "I ran into your brother at Malaba". Bosi akapiga simu anatetemeka, ndugu yangu yuko hospitali gani, gari imeharibika wapi, umeshapiga ripoti? Kumbe jamaa walikutana tu kwenye foleni ya forodha wakanywa chai pamoja. Ndio Kiingereza chenyewe, kugongana na mtu na kukutana naye bila kutarajia ni neno lile lile.

Fundi_Jinja
Hiyo ya kukutana hata kwa Kiswahili ipo bana, tunasema nimegongana na fulani mjini.

Taniboi_Mstaafu
@Fundi_Jinja kweli, lakini bosi alikuwa na trela lake akilini siyo Kiswahili.

Nesi_Arua
Mimi niko zahanati moja huku West Nile, wagonjwa wetu wengi wanaelewa Kiswahili, Kilugbara na Kiingereza kidogo kidogo. Hili neno linatusumbua kila siku. Kuna "running stomach", hii Waingereza wenyewe hawaisemi sana lakini Afrika Mashariki nzima tunaisema, mtu anaharisha. Na angalieni, Kiswahili kinasema tumbo linaniendesha, kwa hiyo huko sisi na Kiingereza chetu tumekutana. Kuna "running nose", kamasi zinatiririka. Kuna "running a temperature", homa imepanda. Kuna "run some tests", daktari akasema "we will run some tests" na mzee mmoja akaniuliza kwa adabu sana, "nesi, binti yangu, hivyo vipimo vitakimbilia wapi, mbona damu yangu bado mnayo hapa?" Nikamwambia mzee, ni kupima tu, hakuna anayekwenda mahali.

Lakini ile inayonipa kazi zaidi ni "does it run in the family?" Hapo huwezi kutafsiri kukimbia na huwezi kutafsiri kuendesha. Unauliza hivi, je kwenu kuna mwingine mwenye ugonjwa huu, baba, mama, shangazi, ndugu wa tumbo moja? Na swali hilo ni zito kwa siko seli, selimundu, kwa sababu mtoto anarithi kwa wazazi wote wawili na wazazi wenyewe wanaweza kuwa wazima kabisa, wamebeba tu bila kuumwa. Ukiwauliza vibaya mama anafikiri unamlaumu. Mimi sisemi "kwenu kuna ugonjwa", nasema "kwenu mmewahi kupoteza watoto wadogo wenye maumivu ya mifupa, macho manjano?" Hapo ndio wanakumbuka.

Mganda_Halisi
@Nesi_Arua na ndio maana Mbio za Kabaka za kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, zile za mwezi wa 4, kuna miaka zilikimbiwa kuchangia siko seli. Watu wana-run kwa ajili ya kitu kinacho-run kwenye familia. Banange hicho Kiingereza.

Nesi_Arua
Na wengine wakanunua fulana tu wakabaki nyumbani 😄 lakini pesa ilifika, hiyo ndio muhimu.

Mzee_wa_Entebbe
Vijana mnacheka lakini neno hili lina ukoo wake. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili jirani, kimoja ni cha kitu chenyewe kwenda, kama mtu au maji au farasi, na kingine ni cha kukifanya kitu kiende. Miaka ikapita vikaungana vikawa "run" moja. Ndio maana leo Mwingereza anasema "the engine runs" na pia anasema "I run the engine" bila kubadilisha kitu. Sisi Kiswahili kitu hicho tunakifanya kwa kuongeza mkia. Kwenda, kuendesha. Kukimbia, kukimbiza. Watanzania wanakimbiza mwenge kila mwaka, hawakimbii mwenge, ukisema wanakimbia mwenge maana yake wameuogopa.

Kwa hiyo mwalimu, kosa la wanafunzi wako siyo la bahati mbaya, lina mpangilio. Wamechukua upande mmoja wa neno wakasahau upande wa pili. Waambie: ukiona baada ya "run" kuna kitu, duka, mashine, kikao, programu, shule, anza kufikiria kuendesha. Ukiona hakuna kitu nyuma yake, fikiria kwenda, kukimbia au kutiririka. Haitapatia kila mara ila itakuokoa mara nyingi.

Na hiyo ya kutiririka msidhani ni maana ya juzi imekopwa kutoka kwa miguu. Ni ya zamani sawa na miguu. Mto kwa Mwingereza unakimbia tangu zamani za kale, na Nile ikitoka Jinja na yenyewe "it runs north".

Mimi nilifanya kazi uwanja wa ndege hapa, huko nako kuna "runway". Hiyo ya Entebbe kubwa ina urefu wa kilomita 3.6 na ushee. Watu wanatafsiri barabara ya kurukia ndege, lakini ndege inatua hapo pia, mbona hamsemi ya kutulia.

Fundi_Jinja
Mzee umeweka vizuri. Sisi wa kompyuta tunasema tu "irun hiyo programu", hatujisumbui. Ila ukitaka Kiswahili safi ni kuendesha programu, na ukisema "program inarun" hapo ni inafanya kazi, yaani hata sisi mtaani tumekopa neno na tabia yake yote, mbele na nyuma.

BodaWaNtinda
Swali. Uchaguzi je? Kwa nini kwenye sinema za Marekani mtu anasema "I'm running for mayor" na hapa kwetu magazeti yanasema "he is standing". Huyu anakimbia, yule amesimama, na wote wanataka kiti kimoja cha kukaa.

Mganda_Halisi
😂😂😂 hii imeniua

Wakili_Mchovu
Hiyo ni tofauti ya Marekani na Uingereza. Mmarekani ana-run, Mwingereza ana-stand, na sisi tulitawaliwa na Mwingereza kwa hiyo tumesimama nao, ingawa vijana siku hizi wanachanganya. Kiswahili kimewapita wote kwa ukweli, kinasema kugombea, na kila mwenye macho ameona kinachotokea kwenye kampeni.

Kutoka hapo kuna "running mate", mgombea mwenza. Wakenya wanaye tangu katiba yao ya 2010, Watanzania nao wanaye, lakini Uganda hakuna kitu hicho, makamu wa rais anateuliwa na rais halafu bunge linaidhinisha, ibara ya 108 ya katiba. Kwa hiyo mwandishi wa Kampala akiandika "running mate" ujue anaongea habari za jirani.

Halafu "run-off", raundi ya pili ya uchaguzi. Kwetu mgombea urais asipopata zaidi ya nusu ya kura wale wawili wa juu wanarudi tena. Na hapo nina kisa. Kuna semina moja ya wakulima, sisemi ya nani, ilikuwa upande wa milima ya Elgon, habari ya kuzuia udongo usiporomoke, mnajua Bududa ilivyokuwa Machi 2010. Karatasi za Kiingereza zilijaa "surface run-off", yaani maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi bila kuzama, ndiyo yanayobeba udongo. Mtafsiri akakaa na kamusi yake, karatasi ya Kiswahili ikatoka imeandikwa "wakulima wachimbe makinga maji ili kupunguza uchaguzi wa marudio". Wazee wakaisoma kimya kimya. Mmoja akanyanyua mkono akauliza kama serikali imeshaamua jambo hilo au ni maoni ya semina tu.

Mwalimu_wa_Elgon
@Wakili_Mchovu nimecheka mpaka mke wangu ametoka jikoni kuniangalia. Makinga maji ya kuzuia uchaguzi!

Nesi_Arua
Lakini mtafsiri naye alipataje kazi hiyo

Wakili_Mchovu
Alikuwa bei rahisi.

Lugogo_Oval
Hamjagusa kriketi na mko Uganda, mnanishangaza. Kwenye kriketi "run" ni pointi, Kiswahili cha redioni wanasema mikimbio. Juni 2024 Cricket Cranes wetu walikwenda Kombe la Dunia la T20 mara ya kwanza kabisa, wakaipiga Papua New Guinea kule Guyana. PNG walitoka kwa run 77, sisi tukafika 78 tukiwa tumepoteza wachezaji saba, tumbo joto mpaka mwisho. Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, alirusha ova nne (ova moja ni mipira sita) akatoa run 4 tu na kuangusha wawili. Run nne kwa ova nne! Kama hujui kriketi kaa ukijua hiyo ni kama muujiza. (Mechi iliyofuata West Indies walitutoa wote tukiwa na run 39 tu, hiyo tuipite.)

Sasa utamu uko hapa. Ukipiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja ukiburuzika chini unapewa run 4, ukivuka hewani bila kugusa chini unapewa 6, na hukimbii hata hatua moja, umesimama pale unaangalia. Run bila kukimbia. Na kinyume chake, ukikimbia ukachelewa kufika mstari wakavunja wiketi, vile vijiti vitatu, hiyo inaitwa "run out", umetolewa. Dereva alisema "run out" ni kuishiwa mafuta, kwetu ni kuishiwa uwanja.

Taniboi_Mstaafu
Kwa hiyo Cheptegei dunia nzima inamjua kwa kukimbia, mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, na kwenye kriketi hana hata run moja.

Lugogo_Oval
@Taniboi_Mstaafu mlete uwanjani Lugogo tumfundishe kurusha mpira, miguu tayari anayo.

Mkongomani_Nakivale
Bonjour wandugu. Miye niko hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Isingiro, tulitoka Kivu. Nataka kusema kitu juu ya hiyo kimbia. Kwa Kiswahili yetu mutu akisema "tulikimbia" hakuna anayeuliza mbio ya mita ngapi. Inamaanisha vita ilikuja, mukaacha nyumba, mukabeba watoto. Mkimbizi na mkimbiaji ni neno moja lakini mizigo mbalimbali. Sasa kwa interview ya kwanza kabisa nilimusaidia mama moja kutafsiri, akasema "tulikimbia usiku", mie nikasema "we ran at night". Yule muzungu akaandika, halafu akauliza, "and then you stopped running, where?" Alifikiri ni mbio ya miguu tu, na yule mama tangu ile siku hajarudi kwake, kwa hesabu yake angali anakimbia. Kisha nikajifunza kusema "fled". Lakini Waganda wazee wanasema Kiingereza yao "we ran in 1979, we ran to Kenya" na mie nawaelewa mara moja, kwa sababu wanaongea Kiingereza na roho ya Kiswahili.

Mzee_wa_Entebbe
@Mkongomani_Nakivale ni kweli kabisa ndugu yangu. Sisi wa umri huo tukisema "we ran" mwenzako anajua, anauliza tu mwaka gani, kama ni 72 au 79 au 85, akipata mwaka anajua ulikuwa unamkimbia nani. Pole kwa yote.

Busia_Mpakani
Mimi naleta ya usiku. Hapa Busia ukivuka upande wa Kenya kuna "night runner", yule mtu anayekimbia uchi usiku anatikisa milango ya watu na kurusha mchanga kwenye mabati. Ukirudi upande wa Uganda, kwa Kiingereza cha Waganda, kuna "night dancer", Waganda wanawaita abasezi, na huyo mambo yake ni mabaya zaidi, anahusishwa na makaburi. Wazee wa hapa wanasema ni watu wawili tofauti kabisa usiwachanganye. Lakini mtoto wa shule anayevuka mpaka kila siku anajua kwamba upande huu wanacheza na upande ule wanakimbia.

BodaWaNtinda
Wanabadilisha kazi wakifika forodha 😂 na pasi je wanagonga?

Busia_Mpakani
Hawapiti forodha hao, wanapita panya route kama sukari.

Mombasa_Raha
Salaam kutoka Pwani. Nimesoma uzi wote nacheka, mnalicheka "run" na nyinyi mna "piga" nyumbani. Hebu mpeni Mwingereza kamusi ndogo iliyoandikwa piga = hit halafu mwambie atafsiri siku yangu. Nimeamka nimepiga mswaki, nikapiga pasi kanzu, nikapiga simu kwa shemeji, nikapiga hodi kwake, tukapiga picha, tukapiga soga, mtoto wake akapiga chafya, mchana nikapiga usingizi, jioni nikapiga mbizi baharini. Hapo sijamgusa mtu hata kofi. Na mwezi wa uchaguzi mnapiga kura, na asiyekubali matokeo anapigwa kalenda na mahakama. Mwingereza akisoma atafikiri Mombasa kuna vita.

Tofauti ni hii, "run" imebeba kwenda kote, na "piga" imebeba kufanya kote kwa ghafla ghafla. Kila lugha ina punda wake.

Mwalimu_wa_Elgon
@Mombasa_Raha hii naiiba kwa ajili ya darasa. Nitawapa "piga" kwanza, waitafsiri kwa Kiingereza, wakishakwama ndio nawarudishia "run". Na ile ya mzee wa Entebbe ya kuangalia kama kuna kitu nyuma ya neno, nimeijaribu kwenye daftari la yule wa kwanza, inafanya kazi kwa duka na shule na kikao. Kwa "run a temperature" imegoma.

Nesi_Arua
Homa haiendeshwi mwalimu, homa ndiyo inakuendesha.

Wakili_Mchovu
Na "run a red light", kupita taa nyekundu, pia itagoma. Hauendeshi taa.

BodaWaNtinda
Sisi boda hatuijui hiyo sentensi, kwetu taa nyekundu ni pambo la mji.

Busia_Mpakani
Samahani wakubwa, mimi nina shida ya kweli sasa hivi, nina vyumba vya kupangisha nataka kuweka tangazo kwa Kiswahili ili wapate na Wakenya. La Kiingereza linasema "self-contained, running water". Nimeandika "choo ndani, maji yanayokimbia". Dada yangu anasema nitafukuza wapangaji.

Mombasa_Raha
Yakikimbia nani atayashika? Andika "maji ya bomba ndani".

Fundi_Jinja
Ongeza "saa zote", inavutia.

Busia_Mpakani
Saa zote hapana, Jumatano huwa yanakatika, na mwisho wa wiki kidogo.

Wakili_Mchovu
Basi andika "bomba lipo".